Kujenga, Kusuka au Kulea? Chipukizi na Ufufuzi wa Timu ya Vikapu ya Oklahoma City

Utangulizi

Msomaji wa kurasa za michezo katika magazeti ya Kiswahili amezoea vitenzi viwili vinavyotumika timu inapolemewa na vipigo. Huambiwa kwamba kocha "anajenga upya" kikosi chake, au kwamba "anakisuka upya". Vitenzi hivi vimezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuvitafakari. Hata hivyo, kila kimoja kinabeba dhana yake kuhusu kazi yenyewe. Kujenga ni kazi ya mwashi: jengo bovu hubomolewa, msingi ukachimbwa, kisha kuta zikapandishwa. Kusuka ni kazi ya mtengeneza mkeka: ukindu mmoja hupitishwa chini ya mwingine, na thamani ya kila mmoja hutokana na namna ulivyoshikana na mwenzake. Kipo kitenzi cha tatu ambacho waandishi wa michezo hukitumia kwa nadra, nacho ni kulea.

Makala haya yananuia kueleza namna timu dhaifu ya mpira wa vikapu inavyoweza kufufuliwa kwa kuteua wachezaji chipukizi na kuwakuza. Mfano mkuu ni Oklahoma City Thunder ya Marekani, timu iliyopata kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya ligi ya NBA mnamo Desemba 2021, na ambayo Juni 2025 ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo hiyo. Kwa madhumuni ya ulinganishi, mfano wa Philadelphia 76ers utatajwa pia. Hoja inayotetewa ni kwamba uteuzi huleta mbegu tu. Timu nyingi hupata mbegu, lakini ni chache zinazovuna, na tofauti baina ya makundi hayo mawili imo zaidi katika malezi kuliko katika ubomoaji. Fauka ya hayo, makala yatauliza ni nani anayelipa gharama ya miaka ya vipigo, swali ambalo neno "kujenga" huelekea kulifunika.

Uteuzi wa Chipukizi na Mantiki Yake

Istilahi "uteuzi" inatumika hapa kurejelea utaratibu ambao kwao timu za ligi hupokezana zamu za kuchagua wachezaji wanaoingia ligini kwa mara ya kwanza. Katika ligi ya vikapu ya Marekani utaratibu huu ulianza mwaka 1947. Katika sura yake ya karne hii una raundi mbili, na kila moja ya timu 30 huanza ikiwa na zamu moja katika kila raundi. Mantiki yake ni ya usawazishaji. Timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya kuchagua mapema ili udhaifu usiwe urithi wa kudumu. Bila kanuni kama hii, miji mikubwa yenye fedha na sifa, kama vile New York na Los Angeles, ingewavuta vijana wote bora na kuiachia miji midogo makapi.

Hata hivyo, kila dawa ina madhara yake. Ikiwa anayeshika mkia ndiye anayechagua kwanza, basi kushindwa kunageuka kuwa na faida. Ili kuzuia timu zisijilegeze kwa makusudi, ligi ilianzisha bahati nasibu mwaka 1985. Tangu hapo kanuni zake zimerekebishwa mara kadhaa. Kabla ya mwaka 2019, timu yenye rekodi mbaya zaidi ilikuwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kupata zamu ya kwanza. Mwaka huo ngazi hizo zilisawazishwa, timu tatu za mwisho zikapewa asilimia 14 kila moja. Ujumbe ulikuwa wazi: anayepoteza mechi zote hana uhakika wa kupata chochote zaidi ya huruma ya nambari.

Kuna mambo mengine mawili ambayo msomaji anahitaji kuyafahamu. Kwanza, tangu mwaka 1995 mishahara ya wanaoteuliwa katika raundi ya kwanza hupangwa kwa viwango maalumu. Kijana anaweza kuwa miongoni mwa wachezaji bora ligini ilhali bado analipwa kwa mkataba wake wa kwanza. Kwa kuwa ligi huweka kikomo cha mishahara ya kila timu, vijana wa namna hiyo huiachia timu fedha za kuwaajiri wakongwe. Pili, zamu za uteuzi huweza kuuzwa na kubadilishwa kama mali, hata zile za miaka kadhaa ijayo. Ipo kanuni inayoizuia timu isijikute bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo mfululizo. Kanuni hiyo huitwa kwa jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland Cavaliers wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyezitapanya zamu za timu yake hadi ligi ikalazimika kuingilia kati.

Bomoabomoa ya Philadelphia

Timu iliyotekeleza falsafa ya kubomoa kwa ukamilifu kuliko nyingine ni Philadelphia 76ers. Kuanzia Juni 2013, chini ya meneja mkuu Sam Hinkie, timu hiyo ilimuuza mchezaji wake nyota Jrue Holiday na kuingia katika misimu mitatu ya giza. Katika msimu wa 2013–14 ilishinda mechi 19 na kupoteza 63, ikiwa ni pamoja na vipigo 26 mfululizo. Msimu uliofuata ilishinda 18, na ule wa 2015–16 ikashinda 10 pekee. Kwa jumla, mechi 246 zilizalisha ushindi 47.

Je, jengo lililokusudiwa lilisimama? Jibu ni kwamba nguzo moja ilisimama. Joel Embiid, kijana wa Yaoundé nchini Kamerun, aliteuliwa katika nafasi ya tatu mwaka 2014. Alikosa misimu miwili kwa majeraha, akasubiriwa, na mwaka 2023 akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Hapa ni haki kukiri kwamba Philadelphia nayo ilionyesha subira. Lakini tazama yaliyomzunguka Embiid. Nerlens Noel aliyepatikana 2013, Embiid mwenyewe wa 2014, na Jahlil Okafor aliyeteuliwa wa tatu mwaka 2015, wote watatu walikuwa wachezaji warefu wa kati wanaohitaji eneo moja la uwanja karibu na kikapu. Timu ilikuwa imekusanya nguzo tatu za kusimika katika shimo moja.

Mkasa wa Markelle Fultz unafunza zaidi. Mwaka 2017 Philadelphia ilibadilishana zamu na Boston ili imteue wa kwanza. Boston ikamchukua Jayson Tatum katika nafasi ya tatu. Ulengaji wa Fultz uliharibika mbele ya macho ya watazamaji, kejeli zikamwandama, na ilipofika Desemba 2018 madaktari wakabaini kwamba alikuwa na tatizo la neva na mishipa baina ya shingo na bega. Alikuwa amecheza mechi 33 za msimu wa kawaida kwa timu hiyo alipouzwa Februari 2019. Hinkie alikuwa amejiuzulu tangu Aprili 2016. Hadi msimu wa 2024–25 ulipokamilika, Philadelphia haikuwa imevuka raundi ya pili ya mwondoano tangu bomoabomoa hiyo ianze.

Oklahoma City: Mavuno ya Kwanza na Funzo Lake

Oklahoma City Thunder ilizaliwa mwaka 2008 kwa njia iliyowaliza wengine. Timu hiyo ilikuwa ya Seattle kwa miaka 41 kabla ya wamiliki wapya kuihamisha. Meneja mkuu Sam Presti alikuwa amechukua usukani mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 30. Katika uteuzi mitatu mfululizo aliwapata Kevin Durant katika nafasi ya pili mwaka 2007, Russell Westbrook katika nafasi ya nne mwaka 2008, na James Harden katika nafasi ya tatu mwaka 2009. Katika nafasi ya 24 ya mwaka 2008 alimpata pia Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville. Timu ilishinda mechi 23 katika msimu wake wa kwanza mjini humo, na 50 katika ule uliofuata. Mwaka 2012 ilifika fainali na kushindwa na Miami kwa mechi nne kwa moja. Kati ya vijana hao wanne, hakuna aliyekuwa amefikisha umri wa miaka 24.

Wengi waliamini kwamba ubingwa ungefuata. Badala yake, Oktoba 2012, mazungumzo ya mshahara yalipokwama, Harden aliuzwa kwa Houston. Julai 2016 Durant alihamia Golden State bila timu yake ya zamani kupata chochote. Durant, Westbrook na Harden wote walikuja kuwa wachezaji bora wa ligi, katika miaka ya 2014, 2017 na 2018 mtawalia, ila hawakuwahi kurudi fainali wakiwa pamoja. Baada ya hapo timu ilitolewa katika raundi ya kwanza ya mwondoano mwaka 2017, 2018 na 2019.

Funzo la kipindi hiki ni kwamba kuteua vizuri hakutoshi. Ni vigumu kufikiria timu iliyoteua vizuri zaidi katika miaka mitatu. Mkeka ulikuwa na ukindu bora lakini haukumalizika kusukwa, kwani mkono wa msusi uliondolewa kazini na hesabu za fedha.

Kusuka kwa Zamu za Wengine

Julai 2019 Presti alianza upya. Alimuuza Paul George kwa Los Angeles Clippers na kupokea zamu tano za raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana zamu, na wachezaji wawili. Mmoja wa wachezaji hao alikuwa Shai Gilgeous-Alexander, kijana wa Kanada aliyekaribia kutimiza miaka 21 na ambaye katika msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa alama 10.8 kwa mechi. Muda mfupi baadaye Westbrook naye aliuzwa kwa Houston, na zamu nyingine zikaingia ghalani.

Hapa pana tofauti ya kimsingi na mkabala wa Philadelphia. Thunder haikutegemea vipigo vyake yenyewe pekee. Ilinunua pia hatima za timu nyingine, ikikisia kwamba kikosi cha wakongwe kinachowania ubingwa leo kitazeeka kesho. Kisio hilo lilizaa matunda mwaka 2022. Clippers walimaliza msimu bila kufuzu, na zamu yao ya 12 ikawa mali ya Oklahoma City, iliyomteua Jalen Williams, kijana aliyecheza miaka mitatu katika chuo kikuu kidogo cha Santa Clara. Miaka mitatu baadaye Williams alifunga alama 40 katika mechi ya tano ya fainali.

Kwa upande wa bahati nasibu, matokeo yalikuwa mchanganyiko. Katika msimu wa 2020–21 timu ilishinda mechi 22 na kupoteza 50, ikiwa miongoni mwa tano za mwisho. Bahati nasibu ikaipa zamu ya sita, ambayo ilitumiwa kumteua Josh Giddey wa Australia. Msimu uliofuata ilishinda 24 na kupoteza 58, na safari hii ikapata zamu ya pili, iliyomleta Chet Holmgren. Ni dhahiri kwamba vipigo vya miaka hiyo miwili vilizaa mazao tofauti kwa sababu ambazo hakuna aliyezidhibiti.

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Historia ya karibuni ya ligi hii inathibitisha usemi huo. Golden State iliyotwaa ubingwa mwaka 2015 ilimpata Stephen Curry katika nafasi ya saba, Klay Thompson katika nafasi ya 11 na Draymond Green katika nafasi ya 35. Milwaukee, bingwa wa 2021, ilimpata Giannis Antetokounmpo katika nafasi ya 15. Denver, bingwa wa 2023, ilimpata Nikola Jokić katika nafasi ya 41. Timu zote zilizowapita wachezaji hao zilikuwa na jembe bora kuliko wao.

Kulea: Kazi Isiyoonekana

Tukiuliza ni nini kilichofanyika baada ya mbegu kupatikana, ndipo tunapofikia kiini cha suala hili. Malezi ya mchezaji chipukizi yana vipengele vinavyoweza kubainishwa.

Kipengele cha kwanza ni mlezi mwenyewe. Mnamo Novemba 2020 Thunder ilimpandisha cheo Mark Daigneault kuwa kocha mkuu akiwa na umri wa miaka 35. Hakuwa na jina kubwa. Alichokuwa nacho ni miaka mitano, tangu 2014 hadi 2019, ya kuifunza Oklahoma City Blue, timu ya ligi ndogo inayomilikiwa na Thunder yenyewe. Kazi ya kocha wa ligi ndogo ni kufundisha zaidi kuliko kushinda, kwa kuwa mchezaji wake bora huweza kuitwa juu wakati wowote. Kumteua mtu wa aina hiyo kulikuwa tamko kwamba timu nzima ingegeuzwa darasa. Mwaka 2024 alitunukiwa tuzo ya kocha bora wa ligi.

Kipengele cha pili ni nafasi ya kukosea. Mchezaji wa umri wa miaka 20 hajifunzi uamuzi wa dakika za mwisho kwa kuketi benchini akiwatazama wakubwa. Sharti ashike mpira, aupoteze, kisha apewe tena. Gilgeous-Alexander ni kielelezo kizuri. Wastani wake wa alama ulipanda hadi 19 katika msimu wake wa kwanza na Thunder, kisha 23.7, 24.5 na 31.4 katika misimu iliyofuata. Katika ule wa 2024–25 alifunga wastani wa 32.7, akaongoza ligi nzima na kutawazwa mchezaji bora. Ukuaji huo ulitokea hatua kwa hatua, mwingi wake katika misimu ambayo timu ilishindwa mara nyingi kuliko kushinda.

Kipengele cha tatu ni subira kwa mwili. Agosti 2022, kabla ya kucheza mechi hata moja ya ligi, Holmgren aliumia mguu. Timu ilitangaza mapema kwamba angekosa msimu mzima na haikumharakisha kurudi. Aliporejea msimu wa 2023–24 alicheza mechi zote 82 za msimu wa kawaida.

Kipengele cha nne, na ambacho huenda ndicho muhimu zaidi, ni kuwalea wasioteuliwa sawa na walioteuliwa. Luguentz Dort wa Montreal alipitwa na timu zote katika uteuzi wa 2019. Alianza kwa mkataba wa kugawanya muda baina ya Blue na Thunder. Mwaka 2025 alitajwa katika kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi. Aaron Wiggins aliteuliwa katika nafasi ya 55 kati ya 60 mwaka 2021. Isaiah Joe alitemwa na Philadelphia hiyo hiyo Oktoba 2022, Thunder ikamwokota siku chache baadaye, na katika msimu huo akalenga mitupo ya alama tatu kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 40. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hawa aliyehitaji timu ishindwe mechi moja ili apatikane.

Malezi pia yana mwisho. Mzazi anayemdekeza mwana hadi utu uzima hamsaidii. Ilipofika Juni 2024, baada ya msimu wenye ushindi 57, Presti alimuuza Giddey, chipukizi aliyemteua mwenyewe, na kumpata Alex Caruso, mkongwe hodari wa ulinzi. Mwezi uliofuata alimwajiri Isaiah Hartenstein, mchezaji mrefu mwenye tajriba. Vijana sasa walikuwa na watu wazima wa kuwashika mkono. Msimu wa 2024–25 ulileta ushindi 68 na vipigo 14. Tarehe 22 Juni 2025 Thunder iliishinda Indiana Pacers kwa alama 103 kwa 91 katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali.

Nani Hulipa Gharama?

Itakuwa kosa kuihitimisha habari hii kwa vigelegele. Mnamo tarehe 2 Desemba 2021 Memphis iliifunga Oklahoma City alama 152 kwa 79. Tofauti ya alama 73 ilikuwa kubwa kuliko zote katika historia ya ligi. Gilgeous-Alexander na Giddey hawakucheza usiku huo. Waliocheza walikuwa vijana ambao baadhi yao walikuwa wakipigania riziki, na majina yao yatabaki katika kumbukumbu hiyo ya aibu hata kama hawakuuchagua mpango uliowaweka pale. Kadhalika, Machi 2021 timu ilimpumzisha Al Horford kwa muda wote uliosalia wa msimu ili vijana wacheze. Horford alikuwa mzima na aliweza kusaidia. Mtazamaji aliyenunua tiketi mwezi wa Aprili, timu iliposhindwa mechi mfululizo, alilipia mchezo ambao uongozi haukuwa na haja kubwa ya kuushinda.

Ikumbukwe pia kwamba mji huo uliwekeza zaidi ya tiketi. Desemba 2023 wapigakura wa Oklahoma City waliidhinisha kodi ya mauzo ya kugharimia uwanja mpya wa thamani ya angalau dola milioni 900. Wenye timu huvuna faida, ilhali sehemu kubwa ya subira hutolewa na umma.

Gharama nyingine hulipwa na chipukizi mwenyewe. Lugha ya uteuzi huwataja vijana kama "mali" na "akiba". Kijana hana sauti kuhusu mji atakaoanzia kazi. Jambo hili linawagusa hata vijana waliozaliwa katika miji inayozungumza Kiswahili. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, aliteuliwa wa saba na Sacramento mwaka 2011 na papo hapo haki zake zikahamishiwa Charlotte. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliteuliwa wa saba na Golden State mwaka 2021, akajikuta katika timu ya wakongwe iliyotwaa ubingwa mwaka uliofuata huku dakika zake za kujifunza zikiwa haba. Vijana wawili wenye zamu moja wanaweza kupata malezi tofauti kabisa kutegemea mlango waliofunguliwa. Na si kila mbegu huota hata katika bustani nzuri. Aleksej Pokusevski, kijana wa Serbia aliyeteuliwa katika nafasi ya 17 mwaka 2020 na kupewa dakika nyingi na Thunder, aliachiliwa Februari 2024, miezi kumi na sita kabla ya wenzake kunyanyua kombe.

Kwa hivyo, je, kushindwa kwa makusudi ni haki? Mwandishi wa makala haya anashikilia kwamba ipo tofauti baina ya timu inayoshindwa kwa kuwa inawafunza vijana na timu inayowatumia vijana ili ishindwe. Matokeo kwenye ubao huweza kufanana. Kinachozitenganisha ni swali moja tu: je, kijana anaondoka uwanjani akijua zaidi ya alivyojua alipoingia? Oklahoma City haikuwa safi kabisa katika mizani hii, kama mkasa wa Horford unavyoonyesha, lakini majina ya Dort, Wiggins na Joe ni ushahidi kwamba darasa lilikuwepo kweli.

Hitimisho

Makala haya yameeleza utaratibu wa uteuzi, yakalinganisha timu mbili zilizoutumia, na kubainisha vipengele vya malezi vilivyoitoa Oklahoma City katika kipigo cha alama 73 hadi katika ubingwa katika muda usiotimia miaka minne. Imedhihirika kwamba vitenzi vyetu vitatu havigongani. Philadelphia ilibomoa na kurundika vifaa bora bila kuvioanisha. Oklahoma City ya kwanza iliteua vizuri ikashindwa kuwaweka pamoja iliowateua. Oklahoma City ya pili ilijenga, ikasuka na, zaidi ya yote, ikalea. Mtihani wa awali utarudi kwa sura nyingine, kwani Julai 2025 Gilgeous-Alexander, Williams na Holmgren wote walitia saini mikataba mipya ya kitita kikubwa. Uongozi ulioshindwa kumlipa Harden mwaka 2012 safari hii umechagua kulipa. Faida ya mishahara midogo ya vijana imo ukingoni.

Kwa klabu zetu za Kenya, uteuzi wa aina ya Marekani haupo, na huenda hauhitajiki. Vijana hutoka shule za upili na vyuo vikuu wakaingia klabu zinazowavutia au zenye ajira ya kuwapa. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder, inayoshiriki jina na mabingwa hao, ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Ligi ya Vikapu ya Afrika. Kinachoweza kuigwa kutoka Oklahoma City si bahati nasibu wala ghala la zamu. Ni kuwa na timu ya vijana iliyo na mwalimu halisi, kumpa kijana dakika za kukosea, na kutomharakisha aliyeumia. Mambo hayo hayahitaji kikomo cha mishahara wala mamilioni ya dola.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili, ipo kazi pia. Mtangazaji anaposema kwamba timu "inajengwa upya", msikilizaji ana haki ya kuuliza inajengwa na nani, kwa mali ya nani, na vijana waliomo ndani yake wametendewa nini. Lugha yetu tayari ina neno linaloibua maswali hayo bila kusukumwa. Anayejenga hujibu kwa nyumba iliyosimama. Anayelea hujibu kwa mtu, na mtu huyo anaweza kusimama siku moja akaeleza mwenyewe namna alivyolelewa.